Mgeni Asiyeshika Fedha: Maswali ya Wasomaji kuhusu Watawa na Walimu wa Kibuddha

Safu hii imezoea kupokea maswali ya Wakristo kuhusu Uislamu na ya Waislamu kuhusu Ukristo. Safari hii barua tatu, kutoka miji mitatu iliyo mbalimbali, zimeuliza jambo moja: namna ya kumpokea mtawa au mwalimu wa Kibuddha anapofika kwenye kituo cha tafakuri. Tunazijibu pamoja.

Swali la kwanza

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni mzaliwa wa Bukoba, ninaishi Worcester, jimbo la Massachusetts, na ni mpishi katika kituo cha tafakuri cha Kibuddha kilichoko vijijini. Kiangazi kilichopita tuliwapokea watawa wanaume wawili na sista mmoja, pamoja na mwalimu mlei aliyekuja kuongoza nao mafungo. Niliambiwa chakula chao kiwe tayari kabla ya adhuhuri, kisha nikaambiwa kukiweka mezani hakutoshi, bali nikinyanyue na kumkabidhi kila mmoja. Mtawa mmoja alikipokea kwa mikono yake, mwingine akatandika kitambaa mbele yake ili nikiweke hapo. Nilipompa mkono, huyo wa pili aliunganisha viganja vyake na kutabasamu tu. Sista alihudumiwa mwisho, ingawa kwa sura alikuwa mkubwa wao wote kwa umri. Mwalimu mlei alinipa mkono, akanywa supu nasi jioni, na siku ya mwisho kikapu cha sadaka yake kiliwekwa mlangoni, ilhali watawa hawakuwa na kikapu. Je, nilidharauliwa? Na inakuwaje watu wa dini moja wafuate sheria mbili?*

*Mpishi, Worcester*

Jibu

Marahaba, mwanangu. Hukudharauliwa hata kidogo. Ukiisoma sheria ya watawa hao, inayoitwa Vinaya, utaona kwamba katika kituo kizima hapakuwa na mtu waliyemhitaji siku ile kuliko wewe, kwa sababu mtawa wa Theravada, yaani wa mkondo wa Kibuddha unaofuatwa zaidi Sri Lanka, Myanmar (zamani Burma) na Thailand, haruhusiwi kutia mdomoni kitu chochote ambacho hakukabidhiwa na mtu mwingine, isipokuwa maji na kijiti cha kusugulia meno. Hawezi kujipakulia kutoka kwenye sufuria wala kuweka kiporo cha leo akile kesho. Haruhusiwi kulima, kuchimba ardhi, kuchuma tunda mtini, wala kupokea fedha. Kanuni za mtawa mwanamume ni 227, na nyingi kati ya zile zinazohusu riziki yake zinaelekea upande mmoja: zinamzuia kujitegemea kwa siku hata moja.

Wengi wanapolisikia hili hudhani ni uvivu uliohalalishwa. Mimi naliona kinyume chake. Mtu anayetegemea mkono wa jirani kwa kila tonge hana njia ya kujifungia na ujuzi wake, na jirani naye ana namna ya kumkosoa isiyohitaji kikao. Maandiko ya kale ya Kibuddha yanasimulia kwamba watawa wa mji wa Kosambi, huko India, waligombana wao kwa wao hadi Buddha mwenyewe akaondoka akawaacha. Waumini wa mji huo hawakuandika malalamiko wala kumchagua msuluhishi. Waliacha tu kuwapelekea chakula na kuwasalimu kwa heshima, na baada ya muda watawa wakafunga safari ya kwenda kwa Buddha kupatana. Kwa hiyo sahani unayoikabidhi ni riziki, na pia ni kura.

Kuhusu saa: mtawa hula kuanzia alfajiri hadi jua linapofika utosini, na baada ya hapo hali chakula kigumu mpaka alfajiri ya pili. Kinachofuatwa ni jua. Huko kwenu, majira ya joto saa zinaposogezwa mbele, jua hufika utosini ikikaribia saa saba mchana, na ndiyo maana baadhi ya nyumba za watawa Marekani huruhusu mlo uendelee hadi saa saba kiangazi, kisha zinarudi kwenye saa sita wakati wa baridi. Sisi tunaohesabu saa kwa kufuata macheo hatuna sababu ya kuona jambo hilo kuwa geni. Waulize watawa wenyewe wanafuata hesabu ipi kabla hujapanga ratiba ya jiko, maana mpishi akichelewa kwa robo saa, mgeni atalala na njaa bila kusema neno.

Kwa kuwa wewe ni mpishi, nitakaa kidogo kwenye matunda, ambayo huwachanganya wengi. Mtawa haruhusiwi kuharibu mbegu inayoweza kuota, kwa hiyo tunda lenye mbegu, kama zabibu, nyanya au chungwa, huhalalishwa kwanza na mlei. Utaratibu wake unachukua sekunde chache. Yapange matunda kwenye sinia moja, yagusane yote, kisha shika kisu kidogo. Mtawa atasema kwa Kipali, lugha ya maandiko ya Theravada, *kappiyam karohi*, akikuomba uyahalalishe. Nawe utachanja tunda moja huku ukijibu, *kappiyam bhante*, yaani yamehalalishwa, mheshimiwa. Kwa kuwa yamegusana, mchanjo wa tunda moja unatosha kwa sinia zima, na baada ya hapo unalinyanyua sinia na kumkabidhi. Tunda lililoondolewa mbegu zote halihitaji hayo. Na nyama? Vituo vingi vya Marekani hupika mboga tupu, na watawa wa mkondo wa Mahayana kutoka China huwa hawali nyama kabisa, lakini mtawa wa Theravada anaweza kuipokea iwapo hakuona, hakusikia, wala hashuku kwamba mnyama alichinjwa kwa ajili yake. Nyama zilizokatazwa moja kwa moja ni kumi: ya binadamu, tembo, farasi, mbwa, nyoka, simba, chui milia, chui, dubu na fisi. Sidhani kama kuna hata moja katika jokofu lako.

Sasa kitambaa. Kanuni inakataza mtawa mwanamume kumgusa mwanamke kwa matamanio, na desturi ikaongeza wigo nje ya kanuni, kiasi kwamba watawa wengi hawagusani na mwanamke hata kwa salamu, awe mama mzazi au malkia. Namna ya kupokea kitu hutofautiana kwa nchi: Wathai hutandika kitambaa na mwanamke anaweka chakula juu yake, ambapo Wasri Lanka na Waburma hupokea moja kwa moja kutoka mikononi mwake. Yaelekea mmoja wa wageni wako alilelewa katika desturi ya Kithai. Safari ijayo usinyooshe mkono. Unganisha viganja vyako mbele ya kifua na kumwinamia kidogo, na ukitaka kumwita mwite Bhante, kama unavyomwita padri Baba. Wathai wao huwaita walimu wao Ajahn, na Waburma huwaita Sayadaw.

Kuhusu sista, jicho lako limeona jambo ambalo Wabuddha wenyewe bado wanabishania. Watawa hupangwa si kwa umri wa kuzaliwa, bali kwa idadi ya misimu ya mvua waliyoikamilisha tangu wapewe daraja, lakini kanuni ya kale inamtaka mtawa mwanamke, hata akiwa na miaka mia moja ya utawa, amwinamie mtawa mwanamume aliyepewa daraja siku hiyohiyo. Zaidi ya hayo, daraja kamili la wanawake katika Theravada lilikatika karne nyingi zilizopita, na lilianza kufufuliwa mwaka 1996 wanawake wa Sri Lanka walipopewa daraja huko Sarnath, India. Hadi leo mamlaka ya watawa nchini Thailand hailitambui. Mwaka 2009 mtawa wa asili ya Uingereza, Ajahn Brahm, alishiriki kuwapa wanawake wanne daraja hilo karibu na mji wa Perth, Australia, na kwa ajili hiyo akatengwa na jumuiya ya Kithai aliyolelewa ndani yake. Baadhi ya vituo vya Magharibi siku hizi huwapanga wageni kwa miaka ya utawa pekee, bila kuangalia jinsia, nami naona ndiyo njia ya haki. Lakini kituo hakina budi kukubaliana na wageni kabla hawajawasili, kwa kuwa si vyema kumfanya sista ndiye uwanja wa mabishano huku chakula kikipoa.

Nabaki na mwalimu mlei. Huyu hakuweka nadhiri za utawa. Anafuata amri tano ambazo kila Mbuddha anaahidi: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutotumia vileo. Anaweza kuoa, kushika fedha, kula jioni, na kukupa mkono. Ualimu wake hautokani na vazi bali na ruhusa ya mwalimu aliyemfundisha. Mfano mzuri uko jirani nawe. Katika mji mdogo wa Barre, hapo hapo Massachusetts, kituo kiitwacho Insight Meditation Society kilifunguliwa mwaka 1976 ndani ya nyumba iliyokuwa ya malezi ya manovisi wa Kikatoliki, na waanzilishi wake, miongoni mwao Joseph Goldstein, Sharon Salzberg na Jack Kornfield, walikuwa walei vijana waliojifunza India, Burma na Thailand. Kornfield aliwahi kuwa mtawa chini ya Ajahn Chah wa Thailand kisha akavua vazi, na kule kuvua si aibu kama ilivyo kwetu kwa padri anayeacha upadri. Maelfu ya vijana wa Kithai huvaa kwa msimu mmoja na kurudi nyumbani.

Kituo hicho cha walei kilijenga desturi ya kuwaalika wakubwa wao. Mwaka 1979 alifika Mahasi Sayadaw wa Burma, ambaye njia yake ya tafakuri ndiyo iliyokuwa ikifundishwa zaidi hapo, na mwaka huohuo wakafika Ajahn Chah na Dalai Lama, kiongozi wa Wabuddha wa Tibet. Mwaka 1984 akaja Sayadaw U Pandita kuongoza mafungo ya miezi mitatu, akiwa mkali kiasi kwamba hata walimu wenyewe waliketi mbele yake kama wanafunzi. Ila mgeni ninayempenda kuliko wote hakuwa na vazi wala cheo. Dipa Ma alikuwa mjane mwenye asili ya Chittagong, mwanamke mfupi mwembamba mwenye binti mmoja, aliyefundisha tafakuri katika makazi yake madogo Kolkata, na wanafunzi wake wengi walikuwa mama wa nyumbani waliokuja baina ya kupika na kufua. Alifika Barre mwaka 1980 na akarudi 1984. Watu waliokuwa wamefundishwa na watawa mashuhuri walimtaja yeye kuwa mmoja wa walimu waliowagusa zaidi. Anayedhani kwamba katika Ubuddha mlei ni mwalimu wa daraja la pili na amsome huyu.

Hata hivyo itifaki inabaki: mwalimu mlei wa miaka arobaini humwinamia mtawa wa jana, maana anaiinamia nadhiri, na anayefundisha bora kati yao ni jambo jingine.

Kuhusu kikapu, hapo ndipo naona ugumu halisi. Mtawa hapewi bahasha kwa kuwa haruhusiwi kuipokea. Anayetaka kumsaidia humpa msimamizi wa nyumba yake, ambaye ndiye anayenunua dawa na tiketi. Mwalimu mlei analipa kodi ya nyumba na ada za shule za watoto kama wewe, na katika vituo vingi vya Magharibi, kwa muda mrefu, ada ya mafungo imelipia kitanda na chakula tu, huku mwalimu akitegemea kile ambacho washiriki watakitia kikapuni mwishoni. Sadaka hiyo, iitwayo dana, kwa mtawa ni kinga dhidi ya tamaa, lakini kwa mlei inaweza kuwa mtihani, maana anayejua kwamba mshahara wake uko katika tabasamu la ukumbi atashindwa siku moja kuwaambia watu jambo wasilotaka kulisikia. S. N. Goenka, mfanyabiashara mlei mwenye asili ya India aliyezaliwa Burma na kuanza kufundisha India mwaka 1969, alilikata tatizo hilo kwa njia yake: mafungo yake ya siku kumi hayana ada yoyote, mchango hupokelewa tu kutoka kwa aliyekwisha kuyamaliza, na walimu hawalipwi, wajitafutie riziki kwa kazi nyingine. Ni utaratibu mkali, lakini unaeleweka. Vingine vyote naviona kuwa mapatano ya muda.

Swali la pili

*Ndugu Mhariri, sisi ni kikundi cha vijana hapa Kampala tunaokutana Jumapili jioni kufanya tafakuri. Wengi wetu ni Wakatoliki na Waanglikana. Tungependa kumwalika mtawa wa Kibuddha atufundishe kwa siku moja, lakini hatujui anatoza kiasi gani, na tunaogopa kukosea. Au tumtafute mwalimu mlei, ambaye tutaelewana naye kirahisi?*

*Katibu wa kikundi, Kampala*

Jibu

Ndugu Katibu, mna bahati ya kuwa karibu na mlango. Uganda Buddhist Centre, kando ya Ziwa Victoria upande wa Entebbe, ilianzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekutana na watawa wa Kithai alipokuwa mwanafunzi nchini India, akapewa daraja huko California mwaka 2002, na kuishi miaka kadhaa katika nyumba ya watawa ya Bhante Gunaratana, Msri Lanka aliyeweka makazi yake katika misitu ya West Virginia. Kabla ya kumwalika mtu aje kwenu, nendeni ninyi kwanza. Ndivyo mambo haya yanavyoanza hata katika nchi za Kibuddha.

Mtawa hatozi chochote, na msimuulize bei. Lakini kutotoza si sawa na kutogharimu. Kwa kuwa hashiki fedha, hawezi kupanda teksi na kudai nauli baadaye; mpelekeeni gari, au mnunulie tiketi na mtu wa kumsindikiza. Kama mafunzo yataanza asubuhi, mlo wake uwe umekwisha kabla ya saa sita mchana, na jioni mpatieni chai bila maziwa au maji ya matunda yaliyochujwa. Asiachwe peke yake na mwanamke katika chumba kilichofungwa; mwombeni kaka mmoja kati yenu akae karibu. Angalieni pia kalenda: kuanzia mwezi mpevu wa Julai hadi ule wa Oktoba watawa wa Theravada hutulia mahali pamoja kwa miezi mitatu, na wanaruhusiwa kulala nje kwa siku zisizozidi saba kwa sababu maalumu.

Lililo muhimu kuliko yote ni hili, ambalo wenyeji wengi hawalijui. Isipokuwa anapougua, mtawa haruhusiwi kumwomba kitu mtu asiye ndugu yake ambaye hakumkaribisha kuomba. Mara nyingi atakaa na shida yake bila kutamka. Kwa hiyo atakapofika, mmoja wenu amwambie waziwazi kwamba akihitaji chochote, iwe dawa, blanketi au simu ya kupiga, aseme, na amtaje mtu wa kumwambia. Maneno hayo yanamfungua ulimi. Kama mna mipaka, itajeni pia, maana kanuni inaheshimu mipaka ya mkaribishaji.

Kama mnadhani kwamba mtu asiyeomba hupotea, sikilizeni kisa cha Hampstead. Mwaka 1977 Ajahn Chah alikaribishwa London, na alipoondoka alimwacha Mmarekani Ajahn Sumedho na watawa wengine wachache katika nyumba moja ya mjini, akiwaagiza watoke kila asubuhi na mabakuli yao kama wafanyavyo Thailand, hata kama hakuna Mwingereza atakayewatilia kitu. Walitembea kwenye uwanja wa Hampstead Heath wakichekwa na kukodolewa macho. Asubuhi moja mwaka 1978 mtu aliyekuwa akikimbia mazoezi aliwasimamisha kuwauliza wao ni nani. Akaja kuwatembelea, akahudhuria mafungo, na hatimaye akawapa msitu wake wa zaidi ya ekari 100 katika wilaya ya West Sussex. Mwaka 1979 walihamia katika jumba kuukuu la Chithurst, karibu na msitu huo, na hapo ndipo ulipokua mtandao wa nyumba za watawa wa Ajahn Chah barani Ulaya.

Kuhusu mwalimu mlei: hakuna kosa kumwalika, na kwa kikundi cha watu wenye kazi, ndoa na watoto huenda akawa na majibu yaliyo karibu zaidi na maisha yenu. Kubalianeni naye mapema kuhusu nauli na shukrani, kwa maandishi. Muulizeni alifundishwa na nani, kwa muda gani, na nani alimruhusu kufundisha. Mtawa hujulikana kwa jumuiya iliyompa daraja, ambayo inaweza kumwita na kumhoji. Mlei asiyetaja mwalimu wake hana wa kumhoji, na huyo ningemkwepa.

Swali la tatu

*Shikamoo Mhariri. Mimi ni Mwislamu, ninaishi Upanga, Dar es Salaam, na huwa ninapita karibu na hekalu la Kibuddha. Nikiingia kutazama tu, je, nitatakiwa kusujudu? Na je, nikimpa mtawa chakula nitakuwa nimeshiriki ibada yao?*

*Jirani, Dar es Salaam*

Jibu

Marahaba, jirani. Hekalu hilo lilianzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20, na linaendelea kuhudumiwa na watawa wa nchi hiyo. Hakuna atakayekutaka usujudu. Vua viatu na kofia, vaa nguo ya heshima, usikae ukielekeza nyayo zako kwenye sanamu au kwa mtawa, na usipige picha kabla ya kuomba ruhusa.

Kuhusu chakula, upande wa Wabuddha sharti ni kwamba anayetoa akinyanyue na kukikabidhi kutoka umbali wa mkono. Dini yake haiulizwi. Mtawa anaweza kusoma maneno machache ya Kipali ya kukutakia heri, nawe unaweza kunyamaza akimaliza. Kwa upande wa dini yako mimi si mwenye kutoa fatwa, na shehe wa msikiti wako atakujibu vizuri zaidi. Ukiamua kupeleka, peleka asubuhi, kiwe chakula kilichokwisha kupikwa. Mchele mbichi mtawa hawezi kuupokea, itakubidi umkabidhi mlei anayehudumu jikoni.